Msitafute Moshi, Chakula Kipo: Maisha ya Mzee Magunzi

Kabla sijaanza, ndugu waombolezaji, naomba mshushe macho kutoka kwenye paa la jiko. Nimewaona. Haya nimeyaandika jana, lakini nawajua kama ninavyojua mifuko yangu. Mmefika, mmetoa pole, mmekaa, mmeangalia kule nyuma, hamjaona moshi, mmeangaliana. Sasa hivi kuna mtu amemnong'oneza jirani yake, "Leo tutarudi na njaa." Chakula kipo. Maharage yako motoni, sufuria tatu, kila moja unaweza kumwogeshea ndama. Moshi tu ndio haupo, na sababu ya kutokuwepo ndiyo maisha yenyewe ya kaka yangu. Kwa hiyo tulieni, mtakula.

Mimi ni mdogo wake ninayemfuata mgongo, yaani baada yake mama alinizaa mimi, akaona afadhali apumzike miaka minne. Kwenye kikao cha familia, binti mkubwa wa marehemu, ambaye ni muuguzi na ana kompyuta, alijitolea kuandika wasifu huu. Shemeji yangu, mjane, akakataa. Akasema, "Aandike mdogo wake. Amemsema marehemu miaka arobaini kwa mdomo, leo amseme kwa kalamu." Basi nimeandika. Shule niliiacha darasa la tano, walimu wakapata nafuu, lakini kwa kusema ukoo mzima huu hauna mwingine kama mimi, na hata wanaonichukia wanakubali.

Kaka yetu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Mei 1957, saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba ya tatu ukitoka kwenye mashine ya kukoboa mpunga, mkono wa kushoto kama unaelekea kisimani. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watano. Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha na nyumba ilikuwa inavuja kila mahali isipokuwa jikoni, kwa hiyo alizaliwa jikoni, pembeni ya mafiga. Mama alikuwa akisimulia kwamba watoto wengine wakizaliwa hulia, huyu alipiga chafya. Mara tatu. Mkunga akamshika juu, akamtazama, akasema, "Huyu moshi haumtaki, na yeye hautaki." Mimi nilizaliwa chumbani, juu ya kitanda, kama mtu.

Alianza shule mwaka 1965 na kumaliza darasa la saba mwaka 1971. Enzi zile kila Ijumaa mwanafunzi alitakiwa aende na kuni moja kwa ajili ya uji wa shule. Wenzake walibeba kuni. Yeye Ijumaa moja alikwenda na gunia la magunzi, yale yanayobaki mahindi yakishapukuchuliwa, ambayo kwetu yalikuwa ya kutupia mbwa.

Mwalimu wa zamu akamwuliza, "Hizi ndizo kuni?"

"Zinawaka, mwalimu."

"Hata daftari lako linawaka. Tulichome?"

Mpishi alikuwa amechelewa, akayatia motoni hivyo hivyo. Uji ukachemka kabla hajatafuta mwiko, ukafurika, ukazima moto. Kaka akachapwa fimbo tatu, mbili za magunzi na moja ya uji. Siku hiyo akapata jina la Magunzi, na akalibeba mpaka leo, hata kwenye msalaba limeandikwa chini ya jina lake la kitabuni. Mwaka 1973 alijiunga na chuo cha ufundi akasomea uchomeleaji kwa miaka miwili, akapata cheti chenye mhuri mwekundu. Hicho ndicho cheti pekee kilichowahi kuingia nyumbani kwa baba yetu. Changu mimi ni kile cha chanjo.

Tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa kwenye mashine ile ile ya kukoboa, kama fundi wa kuchomelea na kuangalia mikanda. Alifanya kazi pale miaka ishirini na sita. Walioingia kule nyuma wanaujua ule mlima wa pumba. Mpunga ukikobolewa, mchele unaondoka na wenyewe, pumba zinabaki, zinamwagwa nyuma, zinachomwa moto. Mlima ulikuwa unafuka mchana kutwa, wiki hata wiki, na pembeni yake magunzi ya watu wa mahindi yanafuka, na maganda ya karanga yanafuka. Wenzake walipopumzika walikwenda kucheza bao. Yeye alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akiutazama ule mlima kama mtu anayetazama mpira. Nilimwuliza mara moja, "Nani anaongoza?" Akanijibu bila kugeuka, "Bwana mdogo, pale panaungua chakula cha watu elfu." Nikamwambia pale panaungua uchafu. Nikacheka sana. Mtaona kwamba katika wasifu huu ninacheka mara nyingi, na mtaona ilivyoishia.

Alioa Jumamosi, tarehe 6 Agosti 1983. Hapa lazima niseme ukweli kuhusu shemeji yangu, na ameniruhusu, amekaa pale mbele anatikisa kichwa. Shemeji alikulia nyumba ambayo kuna mwaka baba yake aliacha kuleta chochote. Jiko likapoa. Majirani hawakuuliza, walikuwa wanaangalia paa tu. Asubuhi wakifagia wanaangalia, jioni wakichota maji wanaangalia, wanahesabu, "Leo siku ya tatu hawajafukisha." Watoto wa mtaa wakawa wanawaita wa jiko baridi. Aliapa kwamba siku akipata jiko lake mwenyewe, moshi wake utaonekana mpaka barabara kuu, na hakuna mtu atakayemhesabia siku tena. Alipoolewa akatimiza. Ilikuwa ukitoka safari unaona moshi wa shemeji kabla hujaona paa la shule. Anapika huku machozi yanamtiririka, macho mekundu, anakohoa, ukimpa pole anakuambia, "Pole ya nini? Tunakula."

Sasa mwone kaka yangu. Mtu aliyezaliwa akipiga chafya, ameoa mwanamke mwenye moshi kuliko treni. Kila jioni alimkuta mkewe analia jikoni, na si kwa sababu yake. Ndipo mwaka 1996 akaanza mambo yake nyuma ya nyumba.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Alichukua pipa, akalitoboa chini, akajaza magunzi, maganda ya karanga na pumba kidogo, akawasha, na moto ukishashika anafunika kabisa, mavumbi juu, hewa isiingie. Kesho yake akifungua anakuta makaa meusi badala ya majivu. Anayatwanga kwenye kinu, anachekecha, anakoroga na uji mwepesi wa muhogo ili yashikane, anayashindilia kwenye kipande cha bomba kwa jeki ya lori, anaanika juani. Kinachotoka ni kitu cheusi, cha mviringo, kina tundu katikati, kama andazi lililopata msiba. Ndivyo kwa maneno. Kwa vitendo ilimchukua miaka mitano. Uji ukiwa mwingi, mkaa unafuka. Ukiwa kidogo, unavunjika ukiutazama. Pumba zikizidi, majivu yanajaa jiko zima. Alikuwa anasimama, anaushika mkaa usawa wa kiuno, anaudondosha. Ukivunjika, anaanza upya. Tulizoea sauti ile, pu, halafu kaka anaguna.

Mara ya kwanza kupata mkaa usiovunjika, mwaka ule ule wa 1996, alianika mia mbili juu ya magunia, akaenda kazini. Alisahau kwamba ule ni uji. Mbuzi wa jirani yetu, mama fundi cherehani, aliruka uzio akala zaidi ya nusu. Kesho yake mama fundi cherehani alikuja kusimama hapa uani, mkono kiunoni.

"Baba, umemlisha nini mbuzi wangu?"

"Amejilisha mwenyewe, mama. Vipi, anaumwa?"

"Haumwi. Ila kinachomtoka, nakuambia, ukikiwasha kinawaka."

Kaka akauliza kwa makini kabisa, "Kinafuka?"

Mama fundi cherehani alimwangalia, akaondoka. Mbuzi aliishi miaka sita baada ya hapo, mnene, na kila akimwona marehemu alikuwa anamfuata.

Alistaafu mapema, tarehe 30 Juni 2001. Septemba mwaka huo huo akaupata mkaa wenyewe. Nilikuwepo, kwa hiyo nina haki ya kujisifu. Aliujaza kwenye jiko la bati, akauwasha, ukachelewa kushika, nikaanza kucheka. Ulipokolea nikanyamaza. Hakuna moshi. Hakuna cheche. Sufuria safi chini. Akabandika maharage, mkaa mara moja tu, bila kuongeza, na yakaiva. Shemeji alipika siku tatu kwa mkaa ule, macho yake yakawa meupe kama ya bibi harusi, tukamwona kumbe ni mzuri. Jambo moja tu marehemu alilikazania kama askari: dirisha liwe wazi. Alisema mkaa kutokuwa na moshi si kutokuwa na madhara, na chumba kilichofungwa kinaweza kukulaza moja kwa moja. "Fungua dirisha" ndiyo iliyokuwa salamu yake.

Siku ya nne asubuhi, hodi. Mama fundi cherehani huyo, na wanawake wengine wawili, wamebeba unga debe zima, mafuta na chumvi. Wamevaa sura za msibani. "Shoga," akamwambia shemeji kwa sauti ya chini, "sisi ni majirani. Tumeona siku ya tatu hamjafukisha. Usione haya."

Shemeji alipokea ule unga kwa mikono miwili. Akashukuru. Akafunga mlango, akakaa chini sakafuni. Siku tatu zile zile. Kaka alimkuta hapo. Akakaa sakafuni pembeni yake. Mimi ndiye niliyesema, nikasema, "Jamani, unga wa bure, mnalia nini?" Nikafukuzwa.

Wiki iliyofuata moshi ukarudi. Mwingi, mweupe, mpaka barabara kuu. Tukajua mambo ya mkaa yamekwisha, mwanamke amekataa. Lakini marehemu alitembea mtaani na kapu lake, anamwambia kila mtu, "Mkaa wa magunzi, hauna moshi, hata mke wangu anapikia." Mtu anainua kichwa, anaangalia paa la kaka, anaona linavyofuka. Anauliza, "Huu huu usio na moshi?" Mtaa mzima ukamcheka. Na aliyewaongoza kucheka ni mimi, nani mwingine? Nilikuwa nasimama barabarani watu wakiwa wengi, napaza sauti, "Kaka! Huo mkaa wako usio na moshi leo unafuka rangi gani?"

Naye kila siku alinijibu neno lile lile, bila hasira, "Huo mvuke wa maharage, bwana mdogo."

Mwaka 2003 akafanya kituko kikubwa zaidi. Alichomelea bomba refu la bati akalitoa juu ya paa la jiko, lile mnaloliona, refu kuliko la mashine ya kukoboa. Nikamwuliza, "Mtu mwenye mkaa usio na moshi, bomba la nini?" Akasema la hewa. Nilianguka chini kwa kicheko, kuna mashahidi.

Hapa mtaani hakuuza hata gunia. Aliuza mbali, kwa wapishi wa mashule na mikahawa ya stendi, watu ambao hawajawahi kuona paa lake. Aliwachomelea na majiko makubwa. Huko alikuwa anaitwa fundi, anapewa kiti. Akirudi hapa anakutana na mimi. Aliishi hivyo miaka kumi na minane, na watoto wanne wakasoma kwa magunzi.

Ugonjwa ulianza mwaka 2018 kwa kikohozi, kikamkazia Machi mwaka 2019. Tulimpeleka hospitali, tarehe 11 Machi, mimi, shemeji na binti yake muuguzi. Daktari alikuwa kijana, akaangalia picha ya kifua, akauliza, "Mzee, unavuta sigara?"

"Hapana."

"Kazi yako?"

"Natengeneza mkaa usio na moshi."

Daktari aliweka kalamu chini. Akadhani anafanyiwa mzaha, maana kifua kile kilikuwa cha mtu aliyelala kwenye tanuri. Ndipo tukaelewa: mkaa ulikuwa hauna moshi kwa sababu moshi wote uliishia kwa kaka. Pipa linapowashwa mwanzo, kabla ya kufunikwa, linatapika moshi mzito, na yeye alikuwa ameinama juu yake miaka yote ile. Daktari akasema kazi ya pipa basi, na nyumbani kusiwe na moshi hata kidogo.

"Jikoni kwako je?"

Kaka akajibu haraka, kichwa juu, "Jikoni kwangu hakujawahi kuwa na moshi tangu mwaka 2001."

Nikacheka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuongeza la kwangu, nikamwona shemeji. Alikuwa analia, na hapakuwa na moshi mle ndani.

"Daktari," akasema, "upo. Ni mimi. Baba watoto, nisamehe. Mkaa wako napikia kila siku, sijaacha hata siku moja. Ila kwenye mafiga ya zamani naweka kigogo kibichi kimoja. Hakipiki kitu. Kinafuka tu, majirani waone. Nimekuficha miaka kumi na minane."

Kaka akaanza kutikisika, tukadhani kikohozi. Alikuwa anacheka.

"Mama watoto, na wewe uliwahi kwenda kutafuta kile kigogo?"

"Hapana. Nakikuta nyuma ya banda."

"Kila Jumatatu."

"Kila Jumatatu."

"Ulidhani kinaota chenyewe?"

Alikuwa analeta yeye. Kila Jumatatu, miaka kumi na minane, mtu huyu alikwenda kutafuta kigogo kibichi, anachagua kile kinachofuka vizuri, anakiweka mahali mkewe atakapokiona. Na lile bomba, ndugu zangu, lile nililolichekea mpaka nikaanguka, alilijenga ili moshi wa mkewe usimrudie machoni, na majirani wauone vizuri zaidi. Alikuwa na kitu cha kweli mkononi, akakubali aitwe mwongo mtaani kwake, ili mwanamke mmoja asihesabiwe siku. Na mimi nilikuwa ndiye mpiga tarumbeta. Nilitoka nje ya kile chumba, nikamwambia binti yake naenda kununua maji. Sikununua maji.

Jioni ile ile shemeji alitoa mafiga matatu jikoni kwa mikono yake, moja baada ya jingine, akayapanga mlangoni yawe ya kukalia. Paa likakauka. Siku ya nne, hodi, mama fundi cherehani na unga. Shemeji akamshika mkono akamvuta ndani mpaka kwenye sufuria, akafunua. "Tunakula, shoga. Tulikuwa tunakula siku zote. Onja." Mama fundi cherehani akaonja, akaangalia jiko, akaangalia juu, akaangalia jiko. Akarudi kwake na unga wake na makaa kumi ndani ya kanga. Ndiye mteja wa kwanza wa mtaa huu, miaka ishirini na mitatu baada ya mbuzi wake.

Marehemu aliacha pipa. Watoto wake wa kiume waliendeleza kwa tanuri lenye mfuniko na bomba, ambalo alilichora yeye akiwa kitandani, akiwagombeza. Miaka mitano aliishi na kifua kile. Alifariki Jumapili, tarehe 3 Machi 2024, saa mbili asubuhi, nyumbani kwake, kwenye kiti cha jikoni ambako alikataa kuondolewa. Maharage yalikuwa jikoni. Shemeji anasema aliuliza, "Umeongeza mkaa?" Akamjibu hajaongeza. Akasema, "Vizuri. Fungua dirisha." Alipogeuka kutoka dirishani, alikuwa amekwenda.

Sasa mambo ya jana, maana bila hayo nyote mngekuwa mnapaliwa saa hizi. Baba yetu mdogo, mzee wa miaka themanini na mmoja, ndiye mkubwa wa ukoo. Alifika jana alfajiri na trekta, tela zima la kuni. Akashuka, akamwambia shemeji, "Mama, mwanangu hatazikwa kimya kimya. Moshi uonekane mpaka barabara kuu."

"Baba, asante. Lakini hazitawashwa."

"Watu mia tatu! Utawapikia kwa haya maandazi meusi?"

"Kwa haya haya. Ameacha magunia kumi na moja, aliyaanika mwenyewe."

"Watasema amezikwa na njaa!"

Shemeji akapanda juu ya lile tela, mjane mwenye miaka sitini na mitatu, akakaa juu ya kuni. Akasema, "Walisema miaka kumi na minane kwamba ni mwongo, na mimi ndiye niliyewapa la kusema. Kesho watu wote watakuwa hapa. Waangalie paa langu, waone alisema kweli. Wakiuona moshi kesho, baba, mtakuwa mmemzika mwongo."

Baba mdogo hashindwi hivi hivi. Wakakubaliana: jana yapikwe maharage ya wachimba kaburi, sufuria kubwa, kilo ishirini, mkaa mara moja bila kuongeza. Wachimbaji wakirudi hayajaiva, kuni zinawashwa, na leo hakuna kubishana. Saa tatu asubuhi sufuria ikabandikwa. Baba mdogo akaweka kigoda pembeni, kiberiti mkononi, akawa anakitikisa. Mimi nikawekwa mlinzi asiongeze mtu. Sijawahi kuogopa maharage maishani mwangu, jana niliyaogopa. Saa tano nikafunua: mawe. Saa sita: mawe yenye mchuzi. Baba mdogo akatoa njiti moja, akaiweka mdomoni. Shemeji hakuangalia sufuria hata mara moja, alikuwa anakunja nguo za marehemu.

Saa saba na robo wachimbaji wakaonekana kwa mbali na majembe. Shemeji akanyanyuka, akachota upawa mmoja, akampa baba mdogo. Mzee akatia mdomoni. Akatafuna. Akatafuna tena. Uwanja mzima tunaangalia taya la mtu mmoja.

"Chumvi," akasema.

"Chumvi imefanyaje, baba?"

"Haijakolea."

Akampa shemeji kiberiti, akaomba sahani. Alikula mbili. Zile kuni amepewa mama fundi cherehani ajengee uzio wa mbuzi, na umechelewa miaka ishirini na minane.

Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto wanne, wajukuu tisa, wadogo zake wanne, baba mdogo mmoja asiye na kiberiti, magunia saba ya mkaa baada ya yatakayotumika leo, na bomba moja refu lisilo na kazi, ambalo tangu mwaka 2019 ndege wamejenga ndani yake, na jana nilipochungulia mlikuwa na makinda.

Mimi nilimwomba msamaha mwaka 2019 nikiwa nimemshika mkono kutoka hospitali. Alisema, "Ungenyamaza, bwana mdogo, wangejua moshi ule si wa kupikia." Lakini nilimcheka mbele ya watu, kwa hiyo nasema mbele ya watu: kaka yangu hakuwa mwongo. Sasa inueni macho, nawaruhusu, mwangalie lile paa mpaka mtosheke. Na mkiona kitu chochote kinapanda pale juu, huo ni mvuke wa maharage.

Apumzike kwa amani, kifua chepesi, na dirisha likiwa wazi.